Kifo Alichomshonea Mume Wangu

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, magazeti ya kwao yamekwisha kueleza, nami sina haja ya kuyarudia. Nitaeleza yale ambayo magazeti hayakuyaona, kwa kuwa magazeti hayakukaa naye jengo moja huku Joubert Park, Johannesburg, kuanzia Februari 2015 hadi Julai 2019, wala hayakupanda naye ngazi lifti ilipokufa. Sisi wa jengoni tulimwita Mwandishi. Jina lake la kweli tulilijua. Juu ya majalada ya vitabu vyake liliandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kitabu chenyewe. Lakini mtu huitwa vile wanavyomwona anaoishi nao, nasi hatukuwahi kumwona akifanya kazi nyingine.

Alikuwa Mmarekani, mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizofika kolani, na alitembea kama mtu anayejua kwamba anapigwa picha. Kiswahili alikipata ujanani, alipofundisha miaka miwili katika shule moja ya misheni huko milimani kwetu, kabla hajawa mtu wa kusomwa. Alikuwa nacho kama watu walivyo na sahani za kabatini: za kuonyesha wageni, si za kulia. Kila asubuhi aliniuliza, "Habari za nyumbani, Mama?" na kabla sijafungua kinywa alikuwa amekwisha kunipita, anamwuliza mwingine. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu salamu ni kazi yenye kuanza na kumaliza. Ukiuliza habari za nyumbani, simama uambiwe. Kwa miaka minne na ushei Mwandishi aliniuliza habari za nyumbani, na ni siku moja tu niliyomwona akisimama kuzisikia. Siku hiyo nitaifikia.

Habari za kazi yake alitusimulia mwenyewe, ngazini, akipumzika kila ghorofa. Kitabu chake cha kwanza kilimtajirisha kabla hajafika miaka thelathini. Kikatolewa filamu, akanunua nyumba kando ya ziwa. Cha pili kikauzwa kuliko cha kwanza. Mke wake wa kwanza alimtia katika kitabu cha tatu, na mke huyo aliposoma akafungasha. Ndugu yake wa kiume alimtia katika cha nne, na tangu hapo hawakusemezana hadi ndugu huyo akafa. Mke wa pili naye akaingia katika cha tano, akatokea mlango ule ule aliotokea mwenzake. Mwandishi aliyasimulia haya bila aibu, kama mkulima anayehesabu mavuno. Alikuwa na msemo wake, na aliupenda kiasi cha kuurudia hata mbele ya mchuuzi wa nyanya: "Kwa mwandishi, Mama, hakuna kinachopotea."

Hata kwa mbwa wa jalalani hakuna kinachopotea. Sikumwambia hivyo, kwa sababu nilifundishwa adabu.

Kilichomleta Johannesburg alikieleza kwa maneno mengi yenye roho na historia, lakini Mama Furaha, jirani yangu, alikifupisha vizuri zaidi. Mama Furaha ni msusi, mtu wa Bukavu, mwenye kiti kimoja na kioo kimoja chini ya jengo letu, na hakuna siri inayopita pale bila kusukwa. "Mama Rukia," aliniambia, "ule muzee bitabu byake bya mwisho watu balikataa kubisoma. Amekuya kutafuta moto ya kuwashia jiko."

Nyumba moja ya sanaa kule Newtown ilikuwa imemwalika kwa miezi mitatu na kumpangia hoteli yenye maji ya moto. Aliikataa hoteli. Alitaka, alisema, jiji lenyewe. Jiji lenyewe likampa kombamwiko na lifti mbovu, naye akashukuru kama aliyetunukiwa nishani. Miezi mitatu ikawa mwaka, na mwaka ukawa miaka.

"Muzee," Mama Furaha alimwuliza mbele yangu, "uko na feza, unakaa huku na siye juu ya nini?"

"Kwa sababu hapa kuna maisha."

"Maisha? Mungu wangu! Basi tubadirishane. Uchukue haya yetu yote, na kombamwiko yake, utupatie ile yako ya kando ya ziwa."

Akacheka sana, na jioni ile ile, naamini, akayaandika.

Mume wangu alikutana naye mara moja tu. Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilikuwa Jeppestown, mbele ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mwanzoni mwa Machi 2015 Mwandishi alimpelekea koti la sufu ambalo bitana yake ilikuwa imechanika. Mume wangu alimpima, ingawa bitana haihitaji vipimo. Alipenda kujua anamshonea mtu wa namna gani. Jioni aliniambia, "Yule bwana ana mabega ya mtu ambaye hajawahi kubeba jeneza." Akamchagulia bitana ya zambarau, akisema mtu wa namna ile atafurahi kuwa na kitu cha kuonyesha hata akivua koti.

Mume wangu alifariki Alhamisi, tarehe 26 Machi 2015. Alifariki kwa sukari, kitandani, na tulimzika siku iliyofuata kabla ya sala ya Ijumaa. Nayaandika haya kwa maneno mafupi ili asitokee mtu wa kuyarefusha.

Binti yetu Rukia, aliyekuwa na miaka kumi, hakuwapo. Shule zilikuwa zimefungwa naye alikuwa Durban kwa shangazi yake. Aliporudi, kaburi lilikuwa limekwisha kupandwa mche. Hakuuliza baba yake alikufaje, nami sikumweleza. Kwetu mtoto hasimuliwi mauti. Huambiwa kwamba baba amerejea kwa Mola wake, kisha hupewa chakula.

Nikakaa eda. Kwa asiyejua, nieleze: mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi. Havai dhahabu, hajitii manukato, hatoki bila dharura, wala hakai na wanaume wasio maharimu zake, yaani ndugu asioweza kuolewa nao. Si kifungo. Ni heshima anayopewa marehemu na pumziko analopewa mkewe. Mlango wangu ulikuwa wazi kutwa nzima, umeshushwa pazia tu, na wanawake wa ghorofa zote, Waislamu na Wakristo, waliingia na kutoka na vyungu vyao. Katika maisha yangu ya Johannesburg sijapata kuwa na watu wengi kiasi kile.

Wakati huo Mwandishi alikuwa Cape Town akisomea watu vitabu vyake. Alirudi katikati ya Aprili, na sote tunakumbuka Aprili ile ilivyokuwa: maduka ya wageni yakivunjwa, watu wakilala vituo vya polisi. Jeppestown nako kulivunjwa. Wezi waliingia hata katika chumba cha mume wangu, kilichokuwa na kufuli tangu Machi, wakabeba cherehani. Mwandishi akaenda kuchukua koti lake, akakuta mlango umelala chini na vipande vya chaki vimetapakaa. Akamwuliza mchomeleaji vyuma, "Fundi yuko wapi?" Akajibiwa, "Fundi amekufa." Akageuka, akaja mbio hadi kwangu. Mama Furaha alimzuia mlangoni, nami nyuma ya pazia nilisikia kila neno.

"Naomba kumwona mama."

"Hapana, Muzee. Banaume habaingie."

"Anaogopa?"

"Iko mu kilio. Hatoke inje mpaka mwezi wa munane."

"Mwezi wa nane! Nani amemkataza kutoka?"

"Ni sheria. Muzee, koti yako iliisha kushonwa, hii hapa. Chukua, uende, utuache."

Akalichukua koti, akaenda. Hakuuliza fundi alikufa kwa nini. Swali hilo moja lingetosha. Hata mtoto angeliuliza. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuona mlango uliovunjwa na mwanamke asiyetoka nje, akaunganisha vipande viwili kwa uzi wake mwenyewe, akaridhika na mshono.

Jumapili iliyofuata alituletea komeo la chuma. Komeo zito, la ghala, pamoja na skrubu zake, limefungwa katika karatasi ya zawadi. Wanawake tuliokuwamo ndani tulilitazama kwa zamu. Mmoja akasema labda ndiyo rambirambi ya Kimarekani. Tukacheka hadi nikakumbuka kwamba niko edani na nikajizuia. Mama Furaha akalichukua, akalifunga kwenye sanduku lake la nywele za bandia, na nijuavyo lingali pale.

Sasa niseme jambo linalompendelea, kwa sababu ushahidi usio na haki ni umbea. Mimi shule niliiacha darasa la nne, kwa sababu ambazo si za hapa. Januari 2016, nikiwa na miaka arobaini na sita, nilijiandikisha katika masomo ya watu wazima. Mwandishi aliposikia, alijitolea kunisahihishia insha zangu za Kiingereza, na kila Jumamosi tuliketi kwenye kituo cha ngazi, penye mwanga, mlango wangu ukiwa wazi na chai ikiwa kati yetu. Hakuwa na haraka. Hakunicheka. Alinifundisha kufuta neno la kwanza linalonijia, kwa kuwa hilo huwajia wote. Alinifundisha kwamba sentensi ni kama mgeni: akishasema shida yake, aage aondoke. Mwaka 2018 nilifaulu mtihani wa mwisho, na sehemu ya kufaulu huko ni yake. Ninamrudishia hapa, ikiwa imekunjwa vizuri, tusidaiane.

Lakini tazameni ajabu ya mtu huyu. Jumamosi zote hizo alikunywa chai yangu, kisha akarudi ghorofani kwake kuandika kuhusu mume wangu, na hakuniuliza hata neno moja. Yeye aliyemwuliza mchuuzi bei ya nyanya kwa maswali saba hakumwuliza mjane aliyeketi mbele yake. Nilipomtaja marehemu, aliinamisha kichwa na kunipigapiga mkono. Nilidhani ni heshima. Kumbe alikuwa na marehemu wake tayari, aliyemalizika, na hakutaka wangu aje kumharibia.

Kitabu kilitoka Oktoba 2017. Tulialikwa Newtown, jengo zima, tukawekewa viti vya mbele. Mwandishi alivaa koti lake la sufu. Akasoma. Katika kurasa zile mshonaji mmoja wa kutoka pwani anavutwa kutoka kwenye cherehani yake na kundi la watu. Anapigana nao kwa mkasi, anaanguka kizingitini. Mkewe anajifungia juu ya jengo nyuma ya komeo la chuma, miezi minne, amevaa nyeupe, akitetemeka kila akisikia nyayo. Watu wakalia. Kisha wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakanitazama mimi, na mama mmoja wa Kizungu nisiyemjua akaja kunikumbatia.

Nikamfuata Mwandishi mezani alipokuwa akitia saini.

"Bwana Mwandishi," nikamwambia, "mume wangu alikufa kwa sukari."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "hapa uko salama. Hapa unaweza kusema ukweli."

"Ndio ukweli ninaokuambia."

"Ninaelewa. Huzuni ina namna zake."

Mama Furaha, aliyekuwa nyuma yangu na sahani ya sambusa, hakuvumilia. "Muzee, sukari! Diabète! Unasikia? Mutu alikufa mu kitanda yake!"

Nikaona uso wake ukibadilika. Kwa muda mfupi alikuwa mzee tu, mwenye kalamu mkononi, aliyekosea nyumba. Nilingoja aseme neno la mtu aliyekosea nyumba. Badala yake alijinyoosha, akarudi ndani ya mabega yake.

"Hata hivyo," akasema, "kitabu kina ukweli wake. Mtu akifa kwa sukari, Mama, msomaji hafungui ukurasa wa pili."

Nimefikiri sana kuhusu jibu hilo. Mume wangu aliishi na sukari miaka kumi na miwili. Alijidunga sindano kila asubuhi kabla ya kuwashonea watu sare za harusi, akakataa tende za futari alizozipenda, akatembea kwa miguu isiyohisi ardhi, wala hakuwahi kumkalisha mtu chini kumlalamikia. Kama hilo haliwezi kumfanya mtu afungue ukurasa wa pili, basi lawama ni ya aliyeandika wa kwanza.

Kitabu kikapata tuzo. Magazeti yakaandika kwamba mzee ameamka. Na uongo ukishapata tuzo huanza kutembea kwa miguu yake. Bwana mmoja wa msikitini, mtu wa Dar es Salaam aliyebeba jeneza la mume wangu kwa bega lake mwenyewe, alinisimamisha barabarani, kwenye roboti, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, taa ikiwa nyekundu.

"Dada, kumbe mlituficha?"

"Tuliwaficha nini? Si wewe uliyemwosha?"

"Nilimwosha," akasema, akakuna kidevu. "Lakini wamesema kitabuni."

Taa ikawaka kijani, akavuka. Mtu aliyemwosha marehemu kwa mikono yake, akaona mwili hauna jeraha ila mguuni, alikuwa tayari kuyaamini macho ya Mwandishi kuliko yake.

Hayo yote ningeyabeba. Sikuweza kubeba la Rukia.

Mwaka 2018 kitabu kiliingia shuleni kwake. Mwalimu alipojua yeye ni mtoto wa nani, alimsimamisha mbele ya darasa, naye Rukia, miaka kumi na minne, akawaeleza wenzake jinsi baba yake alivyopigana na mkasi. Darasa zima lilisimama kimya kwa heshima yake. Kuanzia siku hiyo alitembea vingine. Alichana ukurasa ule, akaubandika juu ya kitanda chake.

Rukia anaelewa Kiswahili chote, hata cha mafumbo, lakini hujibu kwa Kiingereza. Ndivyo walivyo waliozaliwa huku. Nilipomwambia aubandue ukurasa ule, nilimsemesha kwa lugha yangu, naye akanijibu kwa yake.

"Huyo si baba yako," nikasema.

"Eish, Mama! Kitabuni angalau alisimama. Angalau alipigana."

"Baba yako alikufa kwa sukari."

"Hata babu za wenzangu hufa kwa sukari. Wewe hukuniambia chochote. Miaka mitatu, hata neno. Yule mzee ndiye aliyeniambia."

"Amekuambia uongo."

"Basi uongo ndio nilionao."

Nikasimama pale na kitambaa cha meza mkononi. Tangu 2015 nilikuwa nikidhani kwamba nimemwacha baba yake mahali salama, pasipoguswa. Kumbe nilikuwa nimeacha chumba kitupu, na Mwandishi, aliyekataa hoteli ili akae kwetu, alikuwa ameingia na mizigo yake. Ukurasa ukabaki ukutani. Sikuuchana, kwa kuwa kitu anachokipenda mtoto hakiondoki kwa kuchanwa.

Juni 2019 Mama Furaha alipanda kuniambia kwamba Mwandishi ananiita. Alikuwa amehamia ghorofa ya kwanza kwa sababu ya ngazi. "Mama, muguu yake," akasema, na hakuongeza mzaha wowote, nami nikajua kwamba ni jambo zito. Nilipika uji wa ulezi, nikauacha bila kuutia sukari. Nikamwambia Rukia avae, twende kumjulia hali mgonjwa. Alikuja upesi, kwa kuwa kwake yeye yule alikuwa mtu aliyemjua baba yake.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Jua la kipupwe lilikuwa limelala juu ya blanketi. Mwandishi alikuwa amepungua hadi nywele zake zikaonekana nyingi kupita kichwa, na mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye goti. Kwenye meza ya dawa niliona kifaa cha kupimia damu, cha aina ile ile niliyoizoea. Sitasema kwamba Mungu alimwadhibu. Mungu ana kazi nyingine, na ugonjwa ule huchukua yeyote. Koti la sufu lilitundikwa mgongoni mwa kiti, bitana ya zambarau ikiwa nje.

"Habari za nyumbani, Mama?" akasema.

Nikangoja apite, kwa mazoea. Hakuwa na pa kupita. Akanitazama, akangoja jibu.

"Wanataka kuukata," akasema baadaye kwa Kiingereza, akionyesha mguu. "Mama, mume wako. Alikufaje?"

Kiingereza changu wakati huo kilitosha. Cheti kilikuwa ukutani kwangu. Lakini Kiingereza hicho nilikiacha mlangoni pamoja na viatu.

"Nitasema kwa Kiswahili," nikamwambia. "Rukia atafasiri."

Rukia akanitazama kwa ukali. Alijua nimemtega. Lakini mgonjwa alikuwa amemgeuzia uso, naye ni mtoto aliyelelewa.

Nikasema kwamba Januari 2015 fundi alikanyaga sindano iliyoanguka chini ya cherehani, na kwa kuwa miguu yake haikuwa ikihisi, alitembea nayo siku nzima. Rukia akafasiri. Nikasema kwamba kidonda hakikufunga; alikificha ndani ya soksi ili wateja wasimkimbie. Rukia akafasiri, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Nikasema kwamba mwezi wa Machi daktari alimwambia mguu ukatwe, na ni mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani. Akaomba arudi kwanza kazini, kwa kuwa alikuwa na koti la mtu na alikwisha kumwahidi. Akalimaliza kwa mguu wa kushoto, polepole, akanirudia nalo nyumbani, akalitundika, akalala. Hakuamka tena kwenda popote.

Rukia alilitazama koti kwenye kiti. Kisha akafasiri, na safari hii sauti yake haikuwa ya tangazo.

"Si koti lililomwua," nikasema. "Lingekuwa la mtu mwingine, angelimaliza vile vile. Mwambie hivyo pia." Akamwambia. Mwandishi alikuwa amefumba macho.

"Aliogopa?" akauliza.

"Hakuogopa. Alikuwa na joto, akaomba maji, akanywa. Baada ya alasiri aliniuliza kama Rukia ameiona bahari kule Durban. Nikasema ameiona. Halafu akasema: Sketi ya baridi ya Rukia, ilegeze pindo. Baridi ikifika atakuwa amerefuka. Kisha akatoa shahada, akaenda."

Niliiweka sentensi hiyo miaka minne. Nilimngoja Rukia aifasiri. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika chuma chake, na machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Nikadhani atatoka. Akaisema. Aliisema yote kwa Kiingereza, sketi na baridi na pindo, neno baada ya neno, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni, na alipofika mwisho alirudia lile la mwisho mara mbili: kwamba atakuwa amerefuka.

Kisha nikauona mkono wa Mwandishi ukitoka chini ya blanketi, ukitambaa kuelekea meza ya dawa, ambako palikuwa na penseli. Siamini kwamba alijua. Ulikuwa mkono tu, umezoea njia yake miaka hamsini.

"Usiandike," akasema Rukia.

Kwa Kiswahili. Hakupaza sauti. Mkono ukasimama, ukakaa juu ya blanketi kwenye jua, na Mwandishi akausogeza taratibu hadi ukarudi ndani. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamlisha uji.

Julai walimrudisha kwao akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Sina habari kama ameandika tena, na sijauliza. Haya ninayoyaandika mimi nimemsomea Rukia kwanza, mstari kwa mstari, naye amenikatia mahali pawili.

Siku ile, tulipokuwa tukipanda ngazi kurudi kwetu, Rukia alisimama ghorofa ya tatu, pale tulipozoea kusahihishia insha.

"Mama, na ulilegeza?"

"Nililegeza."

"Lini? Mimi sikuona."

"Ulikuwa shule. Nilikuwa edani, nimekaa nyuma ya pazia, na Mwandishi alikuwa amesimama mlangoni anamwuliza Mama Furaha kama ninaogopa. Sikuweza hata kumjibu. Nilikuwa na pini mdomoni."